Fundi wa umeme aliyenirudishia kwadi yangu Malindi: apima kwanza, afungua baadaye

Sisi tunaokodisha kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne, ufuoni Mambrui adui wetu ni chumvi. Mchanga waumiza, lakini mchanga unauona. Chumvi huingia kwenye vichwa vya nyaya bila mtu kujua, na siku mgeni ameshavaa helmeti, yuko tayari kwenda kwenye vilima vya mchanga, unabonyeza kitufe na mashine yatoa "tak" moja, basi. Nimeona wengi wakipoteza pesa hapo, ndiyo maana naandika habari za karakana moja ya umeme wa magari nje kidogo ya Malindi, ukitoka mjini kuelekea daraja la Sabaki, chini ya mwarobaini mkubwa. Haina kibao. Ulizia fundi wa umeme wa tuktuk, vijana wa boda watakuelekeza.

Kwadi yangu ilikuwa imeshapitia mikono mingine kabla ya kufika pale. Tulishauriwa kubadilisha betri, tukabadilisha. Ugonjwa ukabaki palepale. Makanika mwingine akabonyeza kitufe, akasikia ile tak, akasema stata, ile mota inayozungusha injini iwake, imekufa, ninunue mpya. Stata ya kwadi huku huikuti dukani, huagizwa Mombasa, na bei niliyotajiwa ilikuwa shilingi 14,000 kabla ya kulipia mzigo kwenye basi. Msimu wa wageni ulikuwa umekaribia na mashine imelala chini ya turubai.

Mzee mwenye karakana ile hakushika bisibisi. Alianza kwa maswali. "Dada, ikikataa, taa ya mbele yafifia au yabaki vile vile?" Yabaki vile vile. "Na ile taa ya kijani ya nyutro?" Yawaka. "Umejaribu huku umebana breki?" Nimejaribu. Kwadi nyingi hukataa kabisa kuwaka zikiwa kwenye gia mpaka ubane breki, na swichi ndogo ya kwenye mkono wa breki ikiharibika unaweza kudhani mashine nzima imekufa. Lakini hapo hata ile tak huisikii. Kwa kuwa yetu ilikuwa ikilia, alijua kitufe, swichi ya kuzimia na nyaya nyembamba zote zinafanya kazi, na rilei ya stata, ile swichi inayopitisha umeme mwingi kwenda kwenye stata, inavuta. Nusu ya mashine aliiondoa kwenye mashaka kwa kuuliza tu.

Kisha akatoa mita. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Akamwambia mwanagenzi wake abonyeze kitufe huku yeye akiitazama mita. Ikasoma 12.5. Akanigeuzia nione, akanieleza polepole: stata ikizunguka hula makumi ya ampea, hata mia, na betri iliyo nzima lazima ishuke, mpaka 11 au 10 na kitu. Ikiporomoka chini ya 9 na nusu hivi, betri imechoka au stata imekwama. Ikiwa haishuki kabisa, umeme mwingi hautoki, kuna mahali njia imefungwa. Yetu haikushuka ila pointi moja. Kwa hiyo ugonjwa haukuwa kwenye betri mpya tuliyonunua, na pengine haukuwa kwenye ile ya zamani pia.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya nimheshimu. Ncha nyeusi ya mita aliiacha kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu akaipeleka kwenye nati ya stata yenyewe, pale kebo nene inapoingia. "Bonyeza." Volti 12 na zaidi. Umeme umevuka rilei, umepita kebo, umefika mlangoni pa stata. Upande wa chanya ni mzima. Akahamisha ncha nyekundu, akaigusisha kwenye chuma kitupu cha injini. "Bonyeza tena." Hapo mita ingetakiwa isome karibu na sifuri, isizidi nusu volti. Ikaruka mpaka 11 na zaidi.

"Ugonjwa ni eathi," akasema, yaani njia inayorudisha umeme kutoka kwenye injini mpaka hasi ya betri. "Stata yako haina neno."

Hakutaka niamini kwa maneno. Alichukua kebo ya jampa, upande mmoja akaubana kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye bolti ya injini, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Ikawaka mara moja, na ule mngurumo wake ninaoujua.

Kebo ya eathi kwenye kwadi ile hushikwa na bolti moja nyuma ya injini, mahali ambapo tope na maji ya chumvi hurushwa na gurudumu la nyuma. Kwa juu ilionekana nzima, tena imekaza. Kila aliyeiangalia kabla aliipita. Alipoifungua, uso wa chini wa kile kichwa cha waya ulikuwa umeota unga wa kijani, na pembezoni mweupe. Akachana mpira wake kwa kisu. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, na alipozikunja kwa kidole gumba zikakatika moja moja. Akachana zaidi akitafuta shaba inayong'aa, hakuipata. Kebo yote akaitupa, akakata nyingine nene kidogo kuliko ile, akabana vichwa vipya kwa koleo lake kubwa, akavuta kwa nguvu kuhakikisha havichomoki. Chuma cha injini akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, akakaza bolti, halafu ndipo akapaka grisi kwa juu. Mwanagenzi alitaka kupaka kwanza. Mzee akamzuia mkono: chuma kikutane na chuma kwanza, grisi ije baadaye kuzuia maji.

Nililipa shilingi 1,800, kebo na kazi yote. Shilingi 500 za kupima huzitoza kwa kila anayekuja, lakini ukifanya kazi kwake huzikata kwenye hesabu. Kuna watu hulalamikia zile 500, wakisema kupima si kazi. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Kufungua bolti hata mwanangu anaweza.

Kwadi yetu ya pili nilimpelekea baadaye, ile inayolia ta-ta-ta-ta mfululizo huku taa zikizimika. Hiyo haikumchukua muda: betri ilisoma 12.4 ikiwa imetulia, ikaanguka mpaka 7 kitufe kilipobonyezwa. Akaiwasha kwa jampa kutoka betri nyingine, akaongeza mwendo wa injini kidogo, akapima chaji kwenye betri, ikasoma 14 na pointi kidogo. Chaji iko sawa, betri imekufa, kanunue. Angeweza kuniambia mengi mengine na ningelipa.

Jambo jingine ninalolipenda ni kwamba hakubali mtu aunganishe nati mbili za rilei kwa bisibisi karakanani kwake, mtindo ambao mafundi wengi hapa Malindi huutumia kuijaribu stata. Cheche zile hutoka karibu na tangi la petroli na betri ambayo ikichajiwa hutoa gesi inayoshika moto, na mashine ikiwa kwenye gia yaweza kuruka mbele na kumkanyaga mtu. Yeye huweka ncha za mita kwenye nati hizo hizo mbili na kubonyeza kitufe: ikisoma karibu na sifuri, rilei imefunga vizuri, ikibaki 12 huku inalia tak, ndani imeungua. Jibu ni lile lile, na hakuna anayeungua.

Sasa upande wa pili, maana hapana karakana isiyo na yake. Foleni ni ndefu. Tuktuk na boda ndizo riziki yake ya kila siku na huwapa nafasi kwanza, kwa sababu dereva wa tuktuk aliyesimama hana chakula cha jioni. Ijumaa hufunga kabla ya adhuhuri, na kufungua tena hutegemea. Vipuri vya kwadi hana, kwa hiyo kikihitajika kitu kama kaboni za stata au ile kluchi ya stata, inayofanya uisikie stata ikizunguka peke yake na injini haisogei, utangoja mzigo kutoka Mombasa. Na kwadi mpya zenye kompyuta ya kugawa mafuta hazishiki. Atakwambia wazi uende kwingine, na bora hivyo kuliko kufunguliwa na mtu anayebahatisha.

Ukienda, nenda na mashine kama ilivyo, usiioshe asubuhi hiyo. Anataka kuona unga na kutu mahali vilipo. Kuosha ni kila jioni mkirudi kutoka ufuoni, kwa maji matamu ya mfereji au ndoo, pasipo mashine ya presha, maana presha husukuma chumvi ndani ya viungio. Na kama utatoa betri mwenyewe nyumbani, anza na hasi kutoa, malizia na hasi kurudisha, ili spana ikigusa fremu isilipuke cheche.

Kitu kimoja tu ningemwomba, na nimemwambia ana kwa ana: aandike. Malipo ni kwa M-Pesa na hakuna risiti wala karatasi inayoonyesha kilichopimwa na kilichosomwa. Sisi wenye biashara twahitaji rekodi hiyo kwa kila mashine, na mwanagenzi wake, ambaye ana mwandiko mzuri, angeweza kuifanya kazi hiyo wakati mzee ametazama mita.