Wiki moja Punta Cana na kikoba chetu

Tulikuwa watu 13: wanawake tisa wa kikoba chetu cha Brampton, Kanada, waume watatu, na mama yangu mzazi mwenye miaka 71. Tuliondoka Toronto Jumamosi ya mwisho ya Januari, alfajiri, nje kukiwa nyuzi 19 chini ya sifuri. Saa nne na nusu baadaye tukashuka Punta Cana, Jamhuri ya Dominika, kwenye uwanja wa ndege ulioezekwa kwa makuti. Mama aliyatazama yale makuti akasimama palepale, abiria wakawa wanampita kushoto na kulia. "Makuti ya kweli haya, mwanangu?" Ni miaka sita tangu aondoke Tanga, na kwa miaka hiyo yote alikuwa hajaona paa la makuti.

Naandika kwa ajili ya vikundi vinavyofikiria safari ya aina hii, kwa sababu sisi tulihangaika sana kabla ya kuamua.

Tulinunua kifurushi cha siku saba cha kila-kitu-ndani: ndege, basi la kutupeleka hotelini, chumba, chakula, vinywaji, vitanda vya ufukweni na michezo ya jioni. Kila mtu alilipa karibu dola 1,800 za Kanada kwa chumba cha watu wawili. Tulianza kuchanga Machi, dola 180 kila mwezi. Wakala alitaka malipo yote yakamilike siku 60 kabla ya kuondoka, kwa hiyo mchango wa Desemba ulitangulizwa na kikoba, watu wakarudisha baadaye. Kama mnapanga kuchanga, hesabuni hilo mapema. Na kwa walioko Ontario, nunueni kwa wakala aliyesajiliwa na TICO, chombo kinachosimamia biashara ya safari katika jimbo hilo. Kina mfuko wa fidia unaoweza kuwarudishia fedha zenu mkilipa halafu kampuni ikafilisika.

Kwa nini tulichagua kila-kitu-ndani? Mwaka juzi tulikodi nyumba Niagara kwa siku nne, tukagawana gharama sawasawa. Mmoja hanywi pombe, mwingine alikuwa anafunga, mwingine alileta mgeni ambaye hakuwa kwenye hesabu. Siku ya mwisho risiti zilimwagwa mezani, na wawili wetu hawakusalimiana hadi Ramadhani. Punta Cana hakukuwa na risiti. Unavikwa bangili mkononi siku ya kwanza, na tangu hapo hakuna anayejua wala anayetaka kujua mwenzake amekula nini. Kwa urafiki wetu hilo pekee lilitosha kuhalalisha bei.

Ila kuna jambo lilinikera na bado linanikera. Sita kati yetu hatunywi pombe, na bei yetu ilikuwa ileile ya wanaokunywa kuanzia asubuhi. Nilimuuliza wakala akasema hakuna bei ya wasiokunywa. Naona si haki. Hata hivyo tulifaidi maji ya matunda ya kila aina: papai, nanasi, na pasheni, ambayo wenyeji huiita chinola, kali na tamu kama ya nyumbani. Kwenye baa ya ufukweni kulikuwa na kijana anayepasua madafu. Mama alimwendea mara tatu kwa siku.

Vyumba ndipo tulipoumia. Tangu Aprili tulikuwa tumeomba tukae jengo moja, na mama apewe chumba cha chini kwa sababu ya magoti yake. Tulipofika tulikuta tumetawanywa majengo manne, na mama amepangiwa ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Mapokezi walituambia kwa upole kwamba walichopokea kutoka kwa wakala ni ombi tu, na ombi hutimizwa kama nafasi ipo. Usiku ule mama alipanda ngazi kwa kupumzika kila baada ya hatua chache, mimi nyuma yake nimemshika kiuno, na nilikuwa na hasira ya kulia. Kesho yake, baada ya kukaa mapokezi tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, alihamishiwa chini. Mwenye mzazi asikubali neno la simu. Atake barua ya hoteli yenyewe inayosema chumba cha chini kimethibitishwa.

Jambo jingine la vikundi: bufee haina shida, mnaunganisha meza mnakaa wote. Lakini migahawa midogo ya jioni, ile ya samaki na ya nyama za kuchoma, lazima uweke nafasi, na meza kubwa kuliko zote ilikuwa ya watu wanane. Tukawa tunagawana, wanane huku, watano kule, tukizungusha majina. Kumbe ilisaidia. Niliwahi kula meza moja na wenzangu wawili ambao kwa miaka tunakutana kwenye mikutano ya fedha tu, na nikajua kwa mara ya kwanza mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Morogoro.

Chakula chenyewe kinataka maelezo. Sehemu kubwa ya bufee ni ile ile ya hoteli za watalii popote: tambi, pitsa, chipsi, saladi. Usiishie hapo. Nenda pembeni kwenye vyakula vya wenyeji. Asubuhi kuna mangú, ndizi mbichi zilizochemshwa zikapondwa, juu yake vitunguu vyekundu vya siki. Wenyeji huila na mayai, jibini ya kukaanga na salami, lakini Waislamu tahadhari, salami ile mara nyingi ina nguruwe. Neno la kuulizia ni *cerdo*. Tulilikariri wote.

Siku ya tatu mchana mama alichota wali uliokuwa na rangi ya kahawia, akauonja, akaweka kijiko chini. "Mbaazi," akasema. "Mbaazi na nazi." Chakula hicho huitwa *moro de guandules con coco*, na ni wali uliopikwa pamoja na mbaazi na tui. Viungo vyake si vyetu, wana giligilani na pilipili hoho nyingi, lakini ile harufu ya tui na mbaazi ikikolea kwenye wali, hakuna mtu wa Tanga ambaye ingempita. Mama alinyanyuka, akaenda kwa mpishi na sahani yake, akawa anamwonyesha mbaazi kwa kidole na kumweleza kwa Kiswahili jinsi anavyozipika yeye. Mama yule mpishi alimsikiliza hadi mwisho, akamjibu kwa Kihispania kwa kirefu, kisha wakashikana mikono. Nilimweleza mama kwamba mbaazi zilifika visiwa hivi enzi za utumwa, na watu waliotolewa Afrika. Alikaa kimya kidogo, kisha akarudi kuongeza.

Bahari ya Bávaro, ufuko wa Punta Cana tulikokaa, ni nyeupe mchanga na kijani maji, na mbali kidogo kuna mwamba unaovunja mawimbi. Januari maji yalikuwa ya vuguvugu, na mwani wa kahawia unaolalamikiwa sana huko haukutusumbua, kwani mwingi huja kuanzia majira ya kuchipua na kiangazi. Upepo ulikuwepo kila siku. Siku mbili bendera nyekundu zilipandishwa na waokoaji hawakuruhusu mtu kuingia, nasi tulitii. Mama alisema huo ni upepo wa kaskazi mtupu, kwa sababu nao unatoka kaskazini mashariki, miezi ile ile.

Ufuko unatazama mashariki. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilitoka na mama, tukakaa mchangani kungoja jua litoke majini, kama linavyotoka kwetu. Aliniuliza ng'ambo ya pale ni wapi. Nikamwambia, ukikikwepa kisiwa cha Puerto Rico ukanyoosha tu, unatokea Mauritania. "Basi ni nyumbani, upande wa nyuma," akasema, akavua ndala akaingia hadi magotini.

Wenzetu saba walikwenda kisiwa cha Saona, kwa basi hadi Bayahibe kisha kwa boti. Walirudi wamefurahi, wameungua mabega, na wamechoka kabisa. Boti za mwendo kasi zinarusha sana. Usimpeleke mwenye mgongo mbovu. Na mkifikishwa kwenye maji mafupi yenye viti vya pweza (nyota wa baharini), msiwainue kupiga picha. Wanakufa.

Siku ya pili tulialikwa "kifungua kinywa cha kuwakaribisha". Ni kikao cha kuuziwa uanachama wa hoteli, kilitupotezea asubuhi nzima. Kataeni mapema.

Bakshishi si lazima, lakini tulibeba noti za dola moja moja za Marekani, na hatujutii hata moja. Dada aliyekuwa akisafisha vyumba vyetu alikuwa Mhaiti. Mwenzetu wa Bukavu, Kongo, aliongea naye Kifaransa kila asubuhi, na siku ya kuondoka walikumbatiana kama ndugu.

Kuhusu karatasi: wenye pasipoti za Tanzania na Kenya kwa kawaida huhitaji viza ya Dominika, lakini sisi tuliingia kwa ukaazi wetu wa Kanada. Kila msafiri hujaza mtandaoni fomu ya serikali ya Dominika iitwayo e-ticket, ya kuingia na ya kutoka, na ni bure. Msilipie tovuti yoyote. Na angalieni kadi ya ukaazi wa kudumu inakwisha lini, maana bila kadi hai unaweza kuzuiwa kupanda ndege ya kurudi. Mwenzetu mmoja aligundua Oktoba kwamba yake inaisha Desemba. Mpya ilimfikia siku tisa kabla ya safari, na siku hizo za kungoja hakulala vizuri hata yeye hata sisi.

Naipa safari hii nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Kikoba kimeshafungua michango ya Januari ijayo, na mama amekuwa wa kwanza kulipa: dola 180 taslimu, ndani ya bahasha aliyoandika juu yake kwa mkono wake, "Chumba cha chini."