TAHADHARI: "Sarafu zenye kosa la kiwanda" mitandaoni, nyingi zimetoka kwenye jiriwa

Wakuu, kabla hujamtumia mtu pesa kwa sababu ya picha ya sarafu "yenye kosa la kiwanda", soma hii. Wauzaji hawa wamejaa kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp, na wanachouza ni chenji ya kawaida iliyopitishwa kwenye jiriwa (kibano cha chuma cha fundi), tupa au tindikali. Makosa ya kweli yapo, na mengine hukutwa kwenye chenji ya dukani. Ila kosa la kweli lina sababu inayoelezeka mashineni, na vitu hivi havina.

Sarafu huanza kama kipande kitupu cha madini. Kinalazwa ndani ya pete ya chuma, kisha mihuri miwili, wa juu na wa chini, inakibana kwa pigo moja. Pete huzuia madini yasitambae pembeni. Pande zote mbili hupata picha kwa wakati mmoja. Shika hilo, maana ndilo litakalokuokoa.

Inayotangazwa sana ni ile ya rangi mbili: shilingi 5, 10 au 20 za Kenya, zile za zamani zenye kichwa, "kitovu kimegeuka", yaani duara la kati limepinduka na kichwa kimehamia upande wa nembo. Haiwezekani itoke kiwandani hivyo. Kitovu na duara la nje huingia mashineni vikiwa vitupu, na pigo linaloweka picha ndilo hilo hilo linalovikaza pamoja. Ili kitovu kiwe na kichwa upande usio wake, lazima kilishapigwa chapa, kikang'olewa, kikageuzwa na kurudishwa. Fundi yeyote mwenye nyundo na kipande cha bomba hufanya hivyo kwa dakika chache. Angalia mpaka wa rangi mbili kwa kioo cha kukuzia: utaona mikwaruzo, kitovu kimezama au kimeinuka kidogo, pengine na gundi. Kitikise karibu na sikio. Kikilegea, mazungumzo yameisha. Kosa la kweli la sarafu hizi ni kitovu kilichokaa kando kabla ya pigo, na hapo utaona mchoro umepita juu ya mpaka bila kukatika.

Ya pili ni "shilingi ya fedha ya Moi", yaani inayodaiwa kuwa ya madini ya fedha. Shilingi moja ya Kenya yenye kichwa cha Moi, ya kuanzia 1995, ni chuma kilichopakwa shaba ya njano, ile tunayoita brasi. Ukiitumbukiza kwenye tindikali, ganda linatoka na kinabaki chuma cha kijivu. Muuzaji husema ilipigwa kwenye madini yasiyo yake. Leta sumaku: ikinasa, hiyo si fedha. Kisha pima. Usihangaike kutafuta uzito kwenye majedwali. Chukua shilingi tano za kawaida za aina hiyo, pima kila moja kwenye mizani ya sonara yenye desimali mbili, upate wastani. Iliyoliwa na tindikali huwa nyepesi kidogo kuliko wenzake, na herufi zake zimenywea kana kwamba zimelambwa.

Sarafu yenye pengo ukingoni, kama mwezi uliokatwa, huweza kuwa ya kweli: kipande kitupu kilikatwa pale palipokwisha kukatwa kingine. Usitazame pengo. Tazama upande wa pili, unaolielekea. Kwenye ya kweli, ukingo wa huko mara nyingi hufifia, kwa sababu mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kuegemea. Iliyokatwa kwa msumeno ina ukingo mzima huko, na kwenye mkato wenyewe utaona mistari ya tupa na herufi zilizokatika ghafla.

Kuna pia "picha iliyozama", ambapo kichwa kinaonekana kimegeuka kama kwenye kioo. Hizi hutengenezwa kwa kubana sarafu mbili ndani ya jiriwa. Igeuze. Kama mgongo wake umebonyea na kupoteza herufi, ni jiriwa, kwa sababu muhuri wa kiwandani ungeuacha mgongo huo ukiwa mkali. Na ile ya vichwa viwili? Ni ya wanamazingaombwe: moja imechimbwa, nyingine imesagwa na kutiwa ndani. Iangushe kwenye vigae. Nzima hulia, iliyounganishwa hutoa mlio uliokufa.

Sasa bei. Muuzaji atakuonyesha habari za nje ili elfu kumi yake ionekane sadaka. Chukua mfano mmoja uliothibitishwa: senti 20 za Uingereza zisizo na mwaka, zilizotokea 2008 mwaka ulipohamishwa upande na mihuri ya zamani na mipya ikachanganywa. Kiwanda chenyewe kilikiri kosa. Pamoja na umaarufu wote huo, huuzwa kwa makumi ya paundi tu. Ukiambiwa ishirini ya Kenya au mia mbili ya Tanzania ni mamilioni, muulize ni mnada gani na lini.

Maneno mengine ya kukutia shaka: "nina mtu wa ndani kiwandani Nairobi". Kiwanda cha pesa kilichokuwa Ruaraka, Nairobi, kilikuwa cha noti, si sarafu. Au "ina cheti cha Benki Kuu". Benki kuu huipokea sarafu kwa thamani iliyoandikwa juu yake, basi. Ikiwa imefungwa kwenye kasha la PCGS au NGC, kampuni za Marekani zinazokagua na kuthibitisha sarafu, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni husika wewe mwenyewe, ulinganishe na picha ya pale ikiwepo, maana makasha bandia nayo yapo.

Upande wa pili wa biashara hii ni "mnunuzi". Anatangaza kununua sarafu yako ya 1966 kwa mamilioni, halafu anadai ada ya usajili, kisha ya bima, kisha ya kodi. Mnunuzi wa kweli hatozi ada. Benki kuu ya India ilitoa onyo kuhusu mchezo huu huu Agosti 2021.

Ukitaka kununua, dai picha za pande zote mbili na ya ukingo, mwanga ukitoka pembeni, pamoja na picha ya sarafu hiyo ikiwa juu ya mizani. Anayekataa ukingo anajua kwa nini anakataa. Lipa mkikutana ana kwa ana, mizani na sumaku vikiwa mfukoni.

Kama umeshatuma: Kenya, peleka ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwenda 456 mara moja kuomba urejeshwe, kabla hajazitoa kwa wakala, na namba yake iripoti 333. Tanzania, namba ya tapeli hutumwa 15040. Usifute mazungumzo wala picha alizokutumia, polisi watazihitaji.