Kunyanyua usukani wa pikipiki: nini ununue kwanza na nini uachane nacho

Ukipiga ruti ya Tabora mpaka Sikonge na kurudi siku hiyohiyo, mabega yanawaka na kiuno hakitaki kunyooka, na kijiweni kila mtu atakwambia nyanyua usukani. Mara nyingi wanasema kweli, ila kabla hujatoa hela angalia unakaa wapi kwenye hiyo siti, maana wawili wenye Boxer za aina moja wanaweza kuhitaji vitu tofauti kabisa. Wa abiria anakaa kati, mikono imenyooka mbele, mgongo umeinama. Wa magunia ya mkaa mzigo umemsukuma mpaka anakaribia kukalia tangi na mikono yake imeshakunjika, huyo ukimsogezea usukani kifuani umemuua, kila akikata kona unamgonga magoti. Orodha hii nimeipanga kwa ajili ya mtu wa abiria na safari ndefu, wa mizigo namsemea hukohuko mbele.

Kitu cha kwanza hakina bei. Legeza zile bolti nne zinazobana usukani, uzungushe kidogo kuja kwako, kaza, kisha zungusha na levya za klachi na breki maana nazo zitakuwa zimeinuka juu. Ukikaa na kunyoosha vidole, mkono kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole ukae mstari mmoja na levya, kiganja kisipinde kwenda juu. Wengi wanaolalamika kiganja kufa ganzi shida yao iko hapa (au ni gripu zimeisha zimebaki ngumu), wala sio urefu wa usukani. Jaribu hivyo wiki nzima kwanza.

Ikigoma, sasa ndio uingie dukani.

Namba moja kwangu ni kubadili usukani wenyewe, uchukue ulionyanyuka zaidi, ule wa mtindo wa Honda XL na pikipiki nyingine za porini, mpana na masikio yamepanda juu. Boxer, TVS na nyingi za Kichina zinatumia bomba la milimita 22, kwahiyo usukani mwingine wa unene huo unakaa kwenye vishikio vyako vilevile (pale panapobanwa na zile bolti nne) bila kuvichonga. Ila nenda na wa zamani mkononi mkapime pale dukani, maana kuna sukani nene za milimita 28 za pikipiki kubwa, zinavutia macho lakini kwako hazikai. Faida nyingine ni upana, kwenye mchanga wetu huu wa kwenda vijijini usukani mpana unakupa nguvu ya kuirudisha pikipiki ikianza kuyumba, na ukisimama kwenye futresti huinami sana. Mtu mrefu asiumize kichwa, achukue huu.

Sasa hapa kuna kajambo mafundi wanakaficha. Swichi za taa na honi zina kapini kadogo ndani kanakoingia kwenye katundu ka usukani ili zisizunguke. Usukani mpya mara nyingi hauna hako katundu, au kako sehemu nyingine, na fundi mvivu anachukua plaizi anakata kapini, dakika mbili kamaliza. Baada ya hapo ukivuta resi kwa nguvu boksi zima linazunguka na mkono wako. Simama hapohapo umwambie atoboe usukani kwa drili, tundu dogo, saizi ya kapini tu.

Namba mbili ni vile vipande vya alumini vya kuweka chini ya usukani, vipandisho, wauza spea wengine wanaita raiza. Ni vizuri kama umeshauzoea usukani wako na unataka tu upande kidogo. Chukua vya milimita 20 mpaka 30, hapo waya za klachi, resi na breki kwa kawaida zinafika bila kubadilishwa. Ukivuka 50 jiandae kununua waya ndefu, na kama mbele una breki ya diski basi na mpira wa mafuta ya breki, bei inapanda mpaka unajiuliza ulikuwa unatafuta nini. Jua pia kwamba foku, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, imelala, kwahiyo ukiufuata mlalo wake usukani ukipanda milimita 30 unarudi kwako zaidi ya sentimita moja. Kwa wa abiria hiyo ni bonasi, kwa wa magunia akae na 20 asizidi. Na bolti ndefu ziwe zimekuja nazo kwenye pakti, za chuma kigumu, sio za kuokoteza kwenye kopo la fundi. Bolti ya milimita 8 inayoingia kwenye alumini inatakiwa izame milimita 12 hivi, ikishika nyuzi tatu tu siku ya shimo itang'oka nazo. Huku dukani havipatikani kirahisi, wengi wanaagiza Kariakoo vinakuja kwa basi, kwahiyo tuma picha ya vishikio vyako na vipimo vya kutoka bolti mpaka bolti kabla hujatuma pesa.

Namba tatu ni vipandisho vya kurudisha nyuma, vinanyanyua na kuvuta kwa pamoja. Vinamfaa mtu mfupi mwenye pikipiki ya tangi refu. Mbeba mizigo asiviguse kabisa.

Chochote utakachofunga, weka stendi kubwa, washa, iwe frii, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia. Ukisikia injini inapandisha resi yenyewe, waya umevutika, usitoke hapo gereji, maana hiyo ndiyo inakupeleka mtaroni ukiwa unakata kona taratibu na abiria nyuma. Klachi nayo ibaki na ulegevu kidogo pande zote, na saiti mira uzipange upya.

Ya mwisho hata namba siipi, ni kukata usukani na kuchomelea kipande cha bomba katikati. Ni rahisi kweli na mchomeleaji yupo kila mtaa, lakini bomba linadhoofika pembeni ya weldi na ufa unaanzia chini ya rangi ambako huuoni. Hata kupachika nati na washa kama vipandisho ni walewale. Kama hela haijatosha, baki na ule uliozungusha bure mpaka itoshe.