Mipira ya kuvuta baada ya plasta: nimeitumia miezi mitano

Nilivunjika muundi wa mguu wa kushoto. Wiki 6 nilikuwa na plasta ndefu iliyopita goti, nyingine 6 na fupi. Ilipotolewa, nilichukua futi ya fundi cherehani nikapima mapaja yote mawili, sentimita 10 juu ya pia ya goti. La kushoto lilikuwa dogo kwa sentimita 4. Kile kinundu cha nyama kinachokaa juu ya goti upande wa ndani hakikuwepo kabisa. Niliposhika pale nilishika ngozi na mfupa.

Seti niliyonunua ina mikanda mitano bapa ya mpira, kishikizo cha mlangoni na karatasi ya maelekezo. Katika seti yangu wa njano ndio laini kuliko yote, halafu mwekundu, wa kijani, wa buluu, na mweusi ndio mgumu. Ukinunua ya mtengenezaji mwingine usiamini rangi, kwa sababu kila mmoja hupanga zake. Uvute kwanza kwa mkono.

Sikuanza na mpira hata hivyo. Mtaalamu wa fiziotherapia alinikalisha kitandani, akakunja taulo akaliweka chini ya goti, akaniambia nilikandamize, nihesabu hadi 5, niachie. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Nilikaza meno, nikakaza mpaka mabega, paja likabaki limelala. Alinieleza kwamba msuli ukikaa bila kazi haupungui nyama tu, hata mishipa ya fahamu huacha kuuamsha wote, na kazi ya kwanza ni kuuamsha. Ndiyo maana wiki za mwanzo nguvu iliongezeka huku futi ikisoma vilevile. Nayasema haya kwa sababu najua mtu anavyovunjika moyo akipima kila Jumapili na kukuta namba haijasogea.

Mpira wa njano niliuanzia kwenye kifundo: nimekaa sakafuni, mguu umenyooka, mkanda umepita chini ya unyayo karibu na vidole, nasukuma mbele kama anayekanyaga mafuta ya gari, halafu narudisha polepole. Hapo mpira unafaa mno. Hauna uzito wa kukuangukia ukichoka, na unaweza kuupunguza makali kwa kulegeza mkono tu.

Zoezi lililonifaa kuliko yote halimo kwenye karatasi ya maelekezo. Unafunga mkanda kwenye mguu wa meza nzito, unaupitisha nyuma ya goti, unasimama ukiitazama meza, goti limekunjwa kidogo, kisha unalinyoosha ukiuvuta mpira kwa goti lenyewe. Mpira huzidi kuwa mgumu kadiri unavyovutika, kwa hiyo unakaza zaidi pale mwisho, goti linapokaribia kunyooka kabisa. Pale pale ndipo mguu wangu ulipokuwa hauna kitu. Nikitembea, goti lilikuwa likilegea kila hatua. Kwa mpira wa kijani, seti 3 za mara 12, baada ya wiki tano hivi kulegea kukaisha.

Sasa malalamiko. Karatasi ile imeandikwa kwa mtu mzima wa afya. Haisemi popote kwamba daktari aangalie picha ya eksirei athibitishe mfupa umeunga kabla hujaanza kuuvuta. Inaonyesha mkanda umefungwa vifundoni kwa zoezi la kupanua miguu pembeni. Kwangu hilo lingeuvuta muundi wenyewe, na mtaalamu alinihamishia mkanda juu ya magoti. Kishikizo cha mlangoni kiliteleza mara ya pili tu, sijakigusa tena. Na mpira mweusi ulikatika mwezi wa nne, karibu na fundo. Kosa hilo lina sehemu yangu: niliuacha dirishani kwenye jua, na mpira wa namna hii ukipigwa na jua hukauka. Kabla ya kila zoezi uvute mbele ya mwanga utazame kama una nyufa ndogondogo. Mwenye mzio wa mpira atafute isiyotengenezwa kwa mpira wa asili. Mimi ilinitoa vipele nyuma ya goti hadi nilipoanza kuvaa suruali ndefu.

Kuanzia mwezi wa tatu mipira haikutosha tena kwa paja. Paja linataka kubeba mwili. Kupanda ngazi moja na kushuka taratibu, kukaa na kusimama kitini bila kushika, kunyanyuka kwa kisigino kimoja: hivyo ndivyo vilivyojaza nyama. Kisigino cha kulia nilikuwa nanyanyuka mara 25, cha kushoto mara 3. Leo ni 17.

Jambo moja lisisubiri mazoezi. Kigimbi kikivimba, kikawa cha moto na kuuma, usikikande wala usikifunge mpira. Nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda ni damu iliyoganda.

Tofauti ya mapaja sasa ni sentimita moja na nusu. Wa njano nimempa jirani aliyevunjika kifundo, baada ya kumwonyesha jinsi ya kuukagua. Wa kijani bado umefungwa kwenye mguu wa meza.