Ukaguzi wa nyumba ya kupangisha Mombasa kabla ya kununua: nyota tatu kati ya tano

Nililipia kifurushi kimoja: wakili anapekua hati, injinia anakagua jengo, nawe unakabidhiwa ripoti. Nyumba ni ya gorofa mbili, yenye vyumba kumi vya wapangaji. Upande wa jengo nawapa nyota tano. Upande wa sheria moja, na hiyo ni kwa huruma.

Wakili aliishia kwenye sachi, yaani upekuzi wa rekodi za kiwanja kwenye ofisi ya ardhi. Sachi rasmi inakuonyesha jina la mwenye hati, ukubwa wa kiwanja, na kama pana mkopo wa benki, zuio au amri ya mahakama. Ni hali ya siku hiyo tu. Zuio linaweza kuingia kesho yake, ndiyo maana hurudiwa siku ya kumalizia malipo. Ripoti ilikuwa na moja tu, ya wiki sita nyuma. Tena sachi haisemi hati ilizaliwaje. Aprili 2023, kwenye kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Upeo ilikataa kumlinda mnunuzi wa kiwanja cha Nyali ingawa hati alikuwa nayo, kwa sababu mgao wa kwanza, wa 1989, ulikuwa wa ardhi ya umma na haukufuata sheria. Kwa hiyo dai nakala za faili nzima tangu mgao huo, usiridhike na jina la mwisho.

Na Mombasa kuna swali linalotangulia yote: unauziwa nyumba, au nyumba na ardhi yake? Nyumba bila ardhi huku ni biashara ya kawaida. Jengo lako, kiwanja cha mwenzio, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Bei inavutia, lakini jaribu kuiweka rehani benki uone. Mkataba ukitaja "jengo lililo juu ya kiwanja namba fulani" bila kusema kiwanja chenyewe kinauzwa, usitie sahihi. Kifurushi hakikugusa jambo hili, wala amana za wapangaji. Hizo ziko mfukoni mwa muuzaji. Zisipokatwa kwenye bei, mpangaji akihama atakudai wewe.

Injinia ni mtu mwingine kabisa. Rangi hakuitazama. Alipita na nyundo ndogo chini ya boriti na chini ya roshani, akigonga hatua kwa hatua. Zege zima hulia kavu. Lililoachana na chuma hulia kama mtungi mtupu. Pwani ugonjwa ni chumvi, iwe ya upepo au ya mchanga wa baharini usiooshwa. Ikifika kwenye nondo, nondo inashika kutu, kutu inataka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege linapasuka kutoka ndani. Ufa wake hufuata mstari wa nondo na mara nyingi una doa la kahawia. Boriti moja yenye plasta mpya ndani ya nyumba kuukuu ndiyo aliyoianza. Alipobandua, zege lililofunika nondo halikuzidi sentimita moja. Kwa hewa ya chumvi hicho ni kitambaa tu.

Juu ya paa aliziba mifereji, akajaza maji sentimita tatu, akarudi baada ya saa 24 kutazama dari. Vyumba viwili vilikuwa na unyevu. Kisima na shimo la choo navyo alivitaka vitazamwe pamoja: mwamba wa matumbawe una mianya, maji machafu hupita bila kuchujwa vya kutosha, hivyo maji ya kisima yapelekwe maabara hata yakiwa maangavu.

Kwa wanaopiga hesabu: ushuru wa stempu mjini ni 4% na unaulipa wewe, kodi ya faida ya mtaji, 15% tangu 2023, ni ya muuzaji. Iandikwe hivyo kwenye mkataba.

Nyumba nyingine nitamwita injinia huyuhuyu peke yake, na savea wa kunionyesha bikoni zote nne, zile alama za mipaka ya kiwanja. Wakili nitamtafuta kwingine.