Kliniki ya Meno Iliyomrudisha Binti Yangu Kitini

Binti yangu ana miaka sita. Mwaka jana, katika hospitali nyingine, alishikwa mikono na miguu ili ang'olewe jino kabla ganzi haijakolea, na tangu siku hiyo hata kupiga mswaki kukawa ugomvi wa kila asubuhi. Nilipompeleka katika kliniki hii ndogo ya Kinondoni, sikutarajia kwamba angevuka mlango.

Siku ya kwanza daktari hakutibu chochote, na hilo ndilo ninalolisifu kuliko yote. Aliitikia shikamoo, akavua barakoa ili mtoto amwone uso, kisha akamwambia, "Haya mama, kiti hiki kinapanda na kushuka, bonyeza wewe." Kila kifaa alikieleza kwanza, akakionyesha, ndipo akakitumia: brashi ya kusafishia meno aliizungusha juu ya ukucha wa mtoto, na mrija wa kufyonza mate ukanywa maji kutoka kwenye kikombe. Njia hiyo si mpya, kwani Addelston, daktari wa meno wa Marekani, aliieleza tangu mwaka 1959, lakini inadai muda ambao kliniki nyingi hazitaki kuutoa. Halafu walikubaliana kwamba akiinua mkono wa kushoto, kazi itasimama. Aliuinua mara tatu bila sababu yoyote, kwa kumjaribu tu, na mara zote tatu daktari alisimama.

Juma lililofuata jino lilizibwa. Ufizi ulipakwa kwanza dawa ya ganzi yenye ladha ya matunda, na baada ya dakika chache sindano ikapita chini ya kiganja cha daktari bila mtoto kuiona. Alikunja uso, machozi mawili yakamtoka, basi. Tuliagizwa asile mpaka ganzi iishe, asije akajitafuna mdomo. Mimi nami nilionywa, kwa upole lakini bila kuficha, niache kumtishia nyumbani kwamba akisumbua atachomwa sindano. Nilikuwa nikilisema hilo karibu kila siku.

Kasoro zipo. Miadi yetu ya pili ilikuwa saa tatu asubuhi na tuliingia saa nne na nusu, wakati ujasiri aliokuja nao mtoto umekwisha kuyeyuka kwenye benchi. Mhudumu wa mapokezi, kwa nia njema, alimwambia "sindano haiumi", neno ambalo daktari mwenyewe hulikwepa kwa sababu mtoto akidanganywa mara moja hamwamini mtu tena. Pia ada ya kumwona daktari hulipwa kila ziara, hata ile ya kubonyeza kiti, kwa hiyo ulizeni mapema kama bima yenu inaikubali.

Tutarudi mwezi ujao, maana jego lake la kwanza la kudumu limeanza kuchomoza nyuma ya meno ya utoto. Safari hii nimeomba nafasi ya saa mbili kamili, kabla foleni haijaanza.