Nimelipia gazeti la uongo mwaka mzima, haya ndo maoni yangu

Jamani mimi ni mtu ambaye hata risiti ya sokoni naisoma mara mbili, kwa hiyo mke wangu aliponiona nalipia gazeti la karatasi, tena gazeti la kejeli ambalo habari zake zote ni za kutunga, aliniuliza kama niko sawa. Niko sawa. Gazeti lenyewe ni The Onion, yaani Kitunguu, linakuja mara moja kwa mwezi kwenye boksi letu la barua hapa Columbus, Ohio, na mpaka sasa ndo kitu pekee cha posta ambacho sio bili.

Kwa asiyelijua, lilianzishwa 1988 kule Madison, Wisconsin na wanafunzi wawili wa chuo, enzi hizo kuponi za pizza ndo zilikuwa zinalipa gharama. Desemba 2013 wakaacha kuchapa wakabaki mtandaoni tu, halafu 2024 likanunuliwa na Jeff Lawson, mmoja wa walioanzisha kampuni ya teknolojia ya Twilio, na Agosti mwaka huohuo karatasi ikarudi. Bosi waliyemuweka, Ben Collins, kabla ya hapo alikuwa ripota wa televisheni ya NBC, kazi yake ilikuwa kufuatilia uzushi wa mtandaoni. Sasa anauza wa kwake.

Mzigo wenyewe sasa. Ni karatasi nyepesi ya gazeti kabisa, ile inayoacha wino kidoleni, ukiitandaza kwenye meza yetu ndogo inafunika mpaka chupa ya pilipili. Na imeandikwa kwa uso mkavu, hakuna hahaha, hakuna kukonyeza, lugha ileile ya mashirika ya habari: fulani amesema, wataalamu wamethibitisha, waziri hakupatikana. Yaani inafanya kazi kama maneno ya kanga, mwanamke kapita zake kimya hajamtaja mtu, wewe jirani ndo unabaki mlangoni unajiuliza kama lile neno ni lako.

Sasa kwa nini nilipe wakati mtandaoni lipo? Sababu ni shangazi yangu wa Tanga. Kuna siku alinitumia WhatsApp picha ya kichwa cha habari kimoja cha hawahawa jamaa, kuhusu Bunge la Marekani, nembo imekatwa, jina la gazeti halipo, na chini yake voisi noti ya dakika tatu, mwanangu huko mnaishije, rudini tu nyumbani shamba lipo. Nikamwambia shangazi huo ni utani, akanijibu sasa utani gani hauchekeshi. Na tusimcheke, maana mwaka 2012 gazeti la chama kule China, People's Daily, liliamini The Onion waliposema Kim Jong Un ndiye mwanaume mwenye mvuto kuliko wote duniani, wakaiweka habari na picha 55 za mheshimiwa, na mwaka huohuo shirika la habari la Fars la Iran nalo likaingia mkenge na habari yao nyingine. Kwenye simu kejeli ikikatwa kichwa na miguu inageuka uzushi wa kawaida. Kwenye karatasi huwezi kuikata, inakuja na ndugu zake wote, ukisoma habari ya kwanza ukaingia mkenge ya pili itakushtua.

Kitu chao kikali kuliko vyote hakichekeshi hata kidogo. Tangu 2014, baada ya mauaji ya Isla Vista kule California, kila yakitokea mauaji makubwa ya risasi wanachapisha kichwa kilekile, kwa Kiswahili ni kama hivi: hakuna namna ya kuzuia hili, yasema nchi pekee ambako hili hutokea kila mara. Habari ni ileile neno kwa neno, wanabadilisha mji, tarehe na idadi ya waliokufa basi. Mara ya kwanza nilidhani wamekosea wamerudia. Mtu wa kwanza kunielewesha alikuwa mwanangu wa darasa la nne ambaye shuleni wanafanyishwa mazoezi ya kujificha chini ya dawati, akaniambia baba hawajakosea.

Halafu hawa jamaa wana ubishi. Huku Ohio, mji wa Parma, mwaka 2016 kuna jamaa alifungua ukurasa wa Facebook wa kuwadhihaki polisi wa mji, wakamkamata, akalala ndani siku nne, baraza la raia wanaoamua kesi (jury) likamwachia. Alipowashtaki mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, The Onion mwaka 2022 wakaandikia majaji waraka rasmi wa kumtetea, na ndani yake wakadai wana wasomaji trilioni 4.3 kwa siku, wakawatania majaji kwa kupenda Kilatini. Mahakama ikakataa kuisikiliza kesi. Waraka ule ukiupata usome, bora kuliko matoleo mengine ya gazeti lenyewe.

Kuna watu wataniambia kejeli si ipo bure kwenye televisheni usiku. Ipo, ila angalia inavyoendeshwa. Julai 2025 Stephen Colbert, mchekeshaji wa usiku wa televisheni ya CBS, aliwachamba waajiri wake hewani kwa kumlipa Trump dola milioni 16 kumaliza kesi aliyowafungulia, siku chache baadaye CBS wakatangaza kipindi chake kitafungwa Mei 2026, eti ni sababu za fedha tu. Septemba televisheni ya ABC nayo ikamsimamisha mchekeshaji wake Jimmy Kimmel karibu wiki nzima baada ya bosi wa FCC, mamlaka ya serikali inayosimamia utangazaji, kuwatishia. Mchekeshaji mwenye tajiri anayesubiri saini ya serikali ni kama mtoto anayemsema baba mwenye nyumba wakati kodi haijalipwa. Kitunguu angalau sehemu ya kodi tunalipa sisi wasomaji.

Kasoro? Zipo. Utani mwingi uko kwenye kichwa cha habari, ukishuka chini wanauvuta mpaka unakatika. Bila kujua seneta gani ni nani unapitwa na nusu yake, mimi miaka saba hapa bado kuna vitu nauliza kazini. Na kutoka mara moja kwa mwezi ni shida kwenye nchi hii, unaweza kupokea uongo wao Jumatatu ukakuta Ijumaa iliyopita serikali imeshaufanya kweli.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ningewapa ila toleo la mwezi jana sijalimaliza, mama mkwe alilitandika jikoni akamenyea vitunguu juu yake, na mpaka leo hajui kwa nini nilicheka vile.